Watu Kumi na Watano Ukumbini Brampton

Filamu nyingi huru hukutana kwa mara ya kwanza na mtazamaji asiyemjua mwongozaji siku ambayo hakuna tena kinachoweza kubadilishwa. Uhariri umefungwa, sauti imechanganywa, muziki umelipiwa, fedha zimekwisha. Kabla ya siku hiyo wameitazama mhariri, mtayarishaji, mwenzi wa mwongozaji, na marafiki wawili watatu wa fani ambao nao wana filamu zao jikoni na wangependa zisifiwe zamu yao itakapofika. Kisha filamu inatumwa kwenye matamasha. Ikikataliwa, barua haisemi mteuzi alipotea dakika ya ngapi.

Onyesho la majaribio lipo kwa ajili ya kuziba pengo hilo. Hollywood ilikuwa ikilifanya tangu enzi za filamu zisizo na sauti, na tangu 1978, Joseph Farrell alipoanzisha kampuni ya utafiti ya National Research Group, limekuwa biashara kamili yenye madodoso, alama na asilimia. Kwa filamu za kampuni kubwa, ukumbi hujazwa mamia ya watu waliochujwa kwa umri na jinsia. Mwongozaji huru hana mamia. Ana chumba cha kuazima, projekta, sambusa, na watu kumi na watano walioahidi kuja. Swali la makala haya ni kama watu kumi na watano wanaweza kumwambia lolote la maana. Jibu langu ni ndiyo, kwa aina moja tu ya maswali, na kwa sharti kwamba ajue kwa nini amewaita hao na si wengine.

Nachukua mfano wa Brampton kwa sababu maalumu. Mji huo uko kama kilomita 40 kaskazini-magharibi mwa katikati ya Toronto, na tamasha la filamu la Toronto ni mlango ambao filamu za kwetu zimeupitia zaidi ya mara moja. Mwaka 2016 *Kati Kati* ya Mbithi Masya kutoka Kenya ilipata huko tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI. Mwaka 2019 *Crazy World* ya Isaac Nabwana, mzee mzima wa Wakaliga jijini Kampala, ilionyeshwa katika kundi la filamu za usiku wa manane. Mwaka 2021 ikafika *Vuta N'Kuvute*, aliyoitoa Amil Shivji kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi. Shivji mwenyewe alisomea filamu Chuo Kikuu cha York, kaskazini mwa jiji hilohilo. Kwa hiyo kijana wa Kitanzania au wa Kikongo anayeishi Brampton na kuhariri filamu yake usiku baada ya kazi huwa analiangalia jengo la tamasha pale Mtaa wa King, katikati ya jiji, na kudhani kwamba watazamaji wa kumjaribia nao wako hukohuko.

Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Watu wa Mtaa wa King wamekwisha kutazama filamu mia moja za matamasha. Picha ikimwonyesha mwanamke akiangalia bahari dakika mbili bila neno, wanajua wanatakiwa kufikiri nini, na watalijaza pengo hata kama mwongozaji aliliacha kwa bahati mbaya. Wanakisaidia kitu ambacho hakikustahili msaada. Mtazamaji wa majaribio anayefaa ni yule asiyekusaidia.

Brampton imejaa watu wa namna hiyo. Sensa ya 2021 iliwahesabu wakazi 656,480. Zaidi ya nusu walizaliwa nje ya Kanada. Zaidi ya nusu wana asili ya Asia Kusini, na miongoni mwao Wapunjabi ni wengi mno. Zaidi ya mmoja kati ya kila kumi ni mtu mweusi, awe wa Karibiani, wa Ghana, wa Nigeria, wa Somalia au wa kwetu. Ni mji wa malori na maghala, jirani na uwanja wa ndege wa Pearson. Na usishangae ukimkuta huko mzee Singasinga aliyezaliwa Nakuru, anayetukana kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wajukuu wa Wakenya waliozaliwa Kanada. Reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, iliwaleta Wapunjabi kwetu. Uhuru, na kisha amri ya Idi Amin ya 1972 kule Uganda, vikawasukuma wengi wao hadi Uingereza na Kanada. Ukiwaweka watu hawa katika chumba kimoja, hakuna dhana hata moja ambayo wote wanaishiriki kuhusu maana ya mahari, ya mjomba, ya askari wa usalama barabarani au ya kimya kirefu. Kinachoeleweka na wote hapo, kimeelezwa na filamu yenyewe.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Ukiwauliza watu 15 kama wameipenda filamu na 9 wakasema ndiyo, umepata asilimia 60. Kwa kanuni za kawaida za takwimu, ukweli kuhusu umma mpana unaweza kuwa popote kati ya asilimia 35 na 85. Yaani hujajua kitu. Filamu inaweza kuwa kipenzi cha watu au ikawa imeshindwa, na dodoso lako lingetoka vilevile. Kumpima mtu ladha kunahitaji halaiki, na halaiki huna.

Lakini badilisha swali. Tuseme kuna tukio dakika ya 23 ambalo theluthi moja ya watazamaji wote duniani hawatalielewa: hawatajua kwamba kijana aliyefungua mlango ni ndugu wa marehemu. Uwezekano wa watu 15 kupita hapo bila hata mmoja kukwama ni chini ya mara 3 katika 1,000. Tatizo la ukubwa huo haliwezi kujificha mbele ya kikundi kidogo. Hata tatizo linalomkumba mtu mmoja kati ya kumi litajitokeza karibu mara nne katika kila maonyesho matano. Kikundi kidogo hakiwezi kukuambia filamu ni nzuri kiasi gani. Kinakuambia, kwa uhakika wa kushangaza, ilipokatika. Hesabu hiyo ina masharti mawili: watu wawe wametofautiana kweli, na waliokwama waseme kwamba wamekwama. Masharti yote mawili ni magumu kuliko yanavyosikika.

La kwanza linahusu nani ameketi. Tarehe 17 Machi 1942, huko Pomona, California, kampuni ya RKO iliionyesha kwa majaribio *The Magnificent Ambersons* ya Orson Welles. Welles alikuwa Brazil. Filamu yake ilikuwa ya huzuni, kuhusu ukoo wa kitajiri unaoporomoka. Iliwekwa baada ya *The Fleet's In*, filamu ya nyimbo na mabaharia ambayo ndiyo iliyowaleta watu ukumbini. Walicheka pasipostahili, wengine wakaondoka, kadi zao zikawa kali. Siku mbili baadaye, Pasadena, watazamaji wengine waliipokea vizuri zaidi. Wakubwa wa kampuni walishaingiwa na hofu ya Pomona. Zaidi ya dakika 40 zilikatwa, mwisho ukapigwa upya bila Welles, na vipande vilivyotolewa vikaharibiwa. Iliyobaki ni dakika 88 ambazo wapenzi wa sinema wanazilalamikia hadi leo. Wale watu wa Pomona hawakusema uongo. Waliulizwa swali ambalo hawakuja kulijibu.

Kuna mfano wa upande wa pili, na ni haki kuutaja. *Sunset Boulevard* ya Billy Wilder ilianza, katika toleo la kwanza, ndani ya chumba cha maiti, na wafu wakizungumza. Ilipojaribiwa Evanston, Illinois, ukumbi ulilipuka kwa kicheko maiti alipofungiwa kibandiko kwenye kidole cha mguu. Baada ya kicheko hicho watu hawakujua tena kama wanatazama vichekesho au msiba. Wilder aliutupa mwanzo huo, akabakiza wazo la marehemu anayesimulia, na filamu ya 1950 ikaanza na maiti anayeelea kwenye bwawa la kuogelea. Ona kilichotokea: watu walimwonyesha mahali, hawakumpa suluhisho. Hakuna kadi ya Evanston iliyoandika bwawa la kuogelea.

Kwetu sisi wa Afrika Mashariki historia ya majaribio haya ina doa la pekee, nami sioni jinsi ya kulizungumzia jambo hili bila kulipitia. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa fedha ambazo sehemu kubwa ilitoka Carnegie Corporation ya New York. Wakuu wake walikuwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu fupi 35 hivi, juu ya safura, benki ya akiba ya posta, kilimo na kodi, wakiwatumia wenyeji kama waigizaji. Maelezo ya sauti yalirekodiwa kwenye sahani za gramafoni, ili filamu moja iweze kusemeshwa lugha zaidi ya moja. Kisha wakapakia projekta kwenye lori na kuzungusha filamu Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wakikusanya maoni. Ripoti yao, *The African and the Cinema*, ilichapishwa 1937. Huenda hakuna filamu zilizowahi kujaribiwa kwa watazamaji wengi kiasi hicho katika ardhi yetu, kabla yake wala baada.

Ila fikiria mazingira ya kuulizwa. Umekalishwa uwanjani usiku, mashine ni ya serikali, pembeni wako mkuu wa wilaya na mmisionari, na filamu inakuhimiza ulipe kodi. Mtu akikuuliza kama umeipenda, utajibu nini?

Ubaya zaidi ulikuja kwa wenye kutafsiri majibu. William Sellers, aliyeongoza Colonial Film Unit iliyoanzishwa 1939, alishikilia kwamba Mwafrika anahitaji filamu za polepole, picha ndefu, bila hila za uhariri. Baadaye, 1961, John Wilson wa Chuo Kikuu cha London akaeleza kisa kilichopata umaarufu. Watazamaji wa kijijini Afrika walionyeshwa filamu ya polepole kuhusu usafi wa mazingira: mtu anaondoa maji yaliyotuama, anaokota makopo. Walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Waonyeshaji hawakujua kama kuna kuku. Waliporudia picha moja moja wakamkuta kweli, kwa sekunde moja hivi, akiruka kwa woga kwenye kona ya chini. Mwaka 1962 Marshall McLuhan, profesa wa Chuo Kikuu cha Toronto, alikichukua kisa hicho katika *The Gutenberg Galaxy* na kukifanya ushahidi kwamba jamii zisizosoma haziwezi kutazama filamu bila mafunzo. Kitabu kikasomwa dunia nzima, na kuku wetu akasafiri nacho.

Mimi nakisoma kisa hicho kwa namna nyingine. Kuku alikuwepo. Watazamaji waliona kitu ambacho waliotengeneza filamu, walioihariri na walioitazama mara nyingi hawakukiona. Walitaja kitu pekee kilichotembea kwa kasi katika filamu iliyopunguzwa mwendo makusudi kwa ajili yao. Lilikuwa jaribio lililofaulu kabisa: liliwaambia waongozaji, kwa neno moja, kwamba macho ya watu hayakuwa mahali walipodhani. Badala ya kuirekebisha filamu, wataalamu waliwarekebisha watazamaji. Ni haki pia kusema kwamba si kila mtafiti alianguka mtego huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Peter Morton-Williams alifuatilia watazamaji wa vijijini Nigeria na kuona kwamba kilichoamua uelewa ni kama jambo lenyewe linafahamika katika maisha yao, kuliko ufundi wa kamera. Matokeo kama hayo hayakuvuma. Kuku alivuma.

Kwa hiyo mwongozaji anayekaa nyuma ya chumba Brampton, mwenye daftari, ajihadhari na Wilson aliyemo ndani yake. Mama wa Kihaiti akisema hakuelewa kwa nini bibi harusi analia, sentensi ya kwanza itakayomjia mwongozaji ni "huyu hajui utamaduni wetu." Pengine ni kweli. Pengine pia ile sura ya bibi harusi akisoma ujumbe kwenye simu iliondolewa kwenye toleo la nne la uhariri, na mwongozaji, aliyeiona mara mia, bado anaiona kichwani.

Sharti la pili, la watu kusema, ni letu zaidi kuliko la Wamarekani wa Pomona. Mtu aliyealikwa, akapewa kiti, chai na sambusa, hamwambii mwenyeji wake kwamba dakika 40 za katikati zilimlaza. Mama mtu mzima atakushika mkono na kukwambia, "Mwanangu, umefanya kazi kubwa, Mungu akubariki," na hapo ndipo maoni yake yameishia. Vijana nao watasubiri mkubwa aseme kwanza. Na katika jumuiya ndogo ya ughaibuni, ambapo mwongozaji ni mtoto wa dada fulani wa msikitini au wa kwaya, kukosoa filamu ni kukosoa nyumba ya watu.

Wala si kwamba watu wetu hawajui kukosoa. Nenda kibanda umiza chochote cha Dar es Salaam au kibanda cha video cha Kampala. Mtazamaji aliyelipa kiingilio hamstahi mtu: anazomea, anamwonya muuaji yuko nyuma ya mlango, anatoka nje kununua mishikaki mapenzi yakirefushwa. Wasimulizi wa filamu walijenga kazi nzima juu ya kusoma ukumbi wa aina hiyo: Lufufu Tanzania, DJ Afro Kenya, VJ Emmie kule Wakaliga. Msimulizi anajua papo hapo watu wanapochoka, naye anatia neno. Sauti ya VJ Emmie ndani ya filamu za Nabwana ni masahihisho yaliyogeuzwa sanaa, na watazamaji wa Toronto waliiangukia vicheko. Tofauti ya kibanda na chumba cha kuazima haimo katika ujuzi wa watazamaji. Kibandani mtu ni mnunuzi. Kwenye onyesho la majaribio ni mgeni wako, na mgeni ana adabu.

Kuna njia za kupunguza adabu bila kumvunjia mtu heshima. Ya kwanza ni mwongozaji asitambulishwe. Akae nyuma kama mshika taa, au asiwemo kabisa wakati wa mazungumzo, na mjadala uongozwe na mtu ambaye hana senti wala jina katika filamu ile. Mwongoza mjadala anaweza kusema bila haya kwamba kazi haijakamilika, rangi haijasawazishwa, muziki ni wa muda, na wenye filamu wana shida wanayoitafuta hawajaiona. Watu wetu hawapendi kulaumu, ila wanapenda sana kusaidia.

Ya pili, dodoso lijazwe kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Karatasi moja, bila jina, dakika kumi za kimya. Mjadala ukianza kwanza, mzungumzaji wa kwanza huwaandikia wote. Wasiopenda kuandika, na Brampton wapo wazee wengi wa namna hiyo, waketi pembeni na kijana awaandikie kwa lugha yao.

Ya tatu ndiyo kubwa: mpangilio wa maswali. Usianze na "umeipenda?" Anza na "tusimulie hadithi ya filamu hii, kama unamsimulia mtu aliyekosa kuja." Katika masimulizi hayo mtu hana namna ya kukuficha. Atamruka mhusika asiyemkumbuka, atawageuza ndugu wawili kuwa mtu mmoja, atakuambia polisi walipewa rushwa wakati kwenye skrini walilipwa deni. Hajui kama anakosoa, kwa hiyo hana sababu ya kuwa mpole. Baada ya hapo waulize nani ni ndugu ya nani, lini waliacha kumwamini mhusika mkuu, wapi walitamani kuangalia simu. Swali la kupenda liwe la mwisho, kwa heshima tu.

Na mwili uangaliwe zaidi ya karatasi. Mtu mmoja akae mbele pembeni, akiwatazama watazamaji na si skrini, mkononi ana orodha ya dakika. Aandike: dakika ya 31, watatu wamebadilisha mkao, ya 44, miayo miwili, ya 52, kicheko upande wa kushoto tu. Mwili hauna adabu ya mgeni.

Hicho kicheko cha upande mmoja kinatufikisha kwenye jambo ambalo filamu ya Kiswahili inayojaribiwa Brampton italigundua kuliko jingine lolote, nalo ni maandishi ya tafsiri. Katika chumba chenye Waswahili sita na wasiojua Kiswahili tisa, una hadhira mbili zinazotazama filamu moja. Wazungumzaji wanacheka neno linapotoka. Wasomaji wanacheka maandishi yanapotokea, ambayo yakiwekwa mapema hata kwa nusu sekunde humaliza mzaha kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Yakichelewa, vicheko vya Waswahili vinawafanya wengine wajione wametengwa. Kanuni ya kawaida ni mistari isiyozidi miwili, kila mmoja herufi kama 42, na kasi isiyozidi herufi 17 hadi 20 kwa sekunde. Kanuni hiyo humfikiria msomaji mzoefu wa Kiingereza. Dereva wa lori aliyejifunza Kiingereza ukubwani, aliyeamka saa kumi alfajiri, atasoma mstari wa kwanza tu. Naye ni mtazamaji halali kuliko wengi. Amekulipa kwa saa mbili za Jumapili yake.

Hapo ndipo inafaa kutazama vikundi viwili tofauti katika dodoso. Kama waliokwama dakika ya 23 ni wasomaji pekee, tatizo ni la maandishi, na linarekebishwa kwa mchana mmoja bila kugusa picha. Kama wamekwama wote, tatizo liko kwenye uhariri. Nimeona waongozaji wakikata matukio mazuri yaliyokuwa na kosa moja tu: tafsiri iliandikwa usiku wa manane na mtu aliyechoka.

Kuhusu mahali, sitakaa sana. Ukumbi mkubwa wa The Rose, uliofunguliwa 2006 katikati ya Brampton, una viti zaidi ya 800, na watu 15 humo ni upweke unaoua vicheko. Chumba cha mikutano cha tawi la maktaba kinafaa zaidi: watu wakae karibu karibu, giza liwe la kutosha, spika zisiwe zile za kompyuta mpakato. Sauti mbovu huleta malalamiko juu ya hadithi. Watu wasiosikia vizuri husema hawakuelewa. Jumapili alasiri huwafaa wanaofanya kazi za zamu kuliko Ijumaa usiku. Angalia kalenda za wote, si yako tu: Diwali, Vaisakhi, Ramadhani, fainali ya kombe. Mwezi wa Januari alika ishirini na watano upate kumi na watano, maana theluji ikianguka mchana nusu watakutumia ujumbe wa kuomba radhi.

Iwe ya mwaliko, bila tiketi na bila tangazo. Matamasha makubwa hujali nani alionyesha kwanza hadharani, na kwa kawaida onyesho la faragha la kutafuta maoni halihesabiwi kuwa uzinduzi. Bango kwenye ukurasa wa jumuiya linaweza kuligeuza likahesabiwa. Simu ziwekwe kikapuni mlangoni, na picha iwe na saa inayotembea kwenye kona, kwa ajili ya kumbukumbu na pia kwa ajili ya usalama.

Tena, faragha hiyo ya ughaibuni ina faida nyingine. Nyumbani, maonyesho ya filamu yamo chini ya sheria za zamani: Kenya Sura ya 222, Tanzania Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya 1976. *Rafiki* ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku Kenya Aprili 2018, na ilihitaji amri ya Mahakama Kuu mwezi Septemba ili ionyeshwe kwa siku saba tu. Mwongozaji mwenye mada nzito anaweza kupata Brampton majibu ya Wakenya wenyewe bila kwanza kupita kwa bodi ya kukagua filamu. Lakini asijidanganye kwamba Wakenya wa Brampton ni Nairobi. Mtu aliyeondoka 1998 anacheka Kiswahili cha 1998.

Baada ya yote hayo unabaki na karatasi kumi na tano na orodha ya dakika. Watu watatu wakitaja mahali pamoja, paangalie, hata kama sababu wanazotoa zinapingana. Sana sana zikipingana. Mmoja atasema tukio ni refu, wa pili atasema mwigizaji ni mbaya, wa tatu atasema muziki umezidi. Wote wamehisi kitu kimoja na kila mtu amekipa jina alilokuwa nalo mkononi. Mara nyingi kosa halimo hapo kabisa. Dakika ya 50 inachosha kwa sababu dakika ya 12 haikutuambia mhusika anatafuta nini, na mwongozaji anayekata dakika ya 50 atarudi mwezi ujao akishangaa kwa nini sasa inachosha dakika ya 46.

Yapo ya kupuuza. "Mwisho ungekuwa wa furaha" ni ombi la mtu aliyewapenda wahusika wako. Lipokee kama sifa. "Ni ndefu" haina maana mpaka ujue ilianza kuwa ndefu wapi. Na kutojua hakulingani daima na kupotea: mtazamaji anayesema "sikujua kama baba yake yu hai, na nilitaka sana kujua" anakupongeza, na anayesema "sikujua kwamba yule ni baba yake" anakuonya. Kwenye dodoso sentensi hizo mbili zinafanana mno. Mwongoza mjadala ndiye wa kuzitenganisha, kwa kuuliza swali moja tu zaidi: je, wakati unatazama, ulijua kwamba hujui?

Kisha filamu inarudi mezani, na hapa wengi hufanya kosa la uchumi. Wakishahariri upya, huwaita watu walewale, kwa kuwa ni wakarimu na wanajua njia. Lakini hao sasa wanamjua ndugu wa marehemu. Hakuna uhariri unaoweza kuwafanya wasimjue. Mtazamaji wa majaribio hutumika mara moja. Mwenye orodha ya majina 30, na mwenye subira, awagawe nusu kwa nusu tangu mwanzo, akihakikisha kila nusu ina wazee, ina vijana, ina Waswahili na wasio Waswahili. Nusu ya pili asiiambie chochote kuhusu filamu, hata jina lake, mpaka siku yao ifike.